Programu Moja, Vioo Vingi: Namna ya Kupima Mpangilio wa Programu za Simu

Asubuhi moja katika bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, mwandishi wa makala haya alikuwa akingojea boti ya Pemba. Kando yake alikaa mzee mmoja wa Makunduchi, mkononi ana simu ndogo ya miaka mingi. Kijana wake alikuwa amemtilia humo programu ya kukatia tiketi. Mzee alikwisha kuandika jina lake na kuchagua safari. Akanyosha mkono, akaniuliza, "Sasa hapa nibonyeze wapi, mwanangu?" Nikatazama. Palikuwa na jina, palikuwa na saa ya safari, lakini kitufe cha kuthibitisha hakikuwapo. Binti aliyekaa jirani yetu alikuwa na programu ile ile katika simu mpya, na kwake kitufe kilionekana wazi chini ya ukurasa, cha buluu, kipana. Tukajaribu kuusogeza ukurasa wa mzee kwa kidole, haukusogea. Boti iling'oa nanga, mzee akabaki. "Simu yangu hii imechakaa, basi tena," alisema.

Simu haikuwa na kosa lolote. Aliyekosa ni fundi aliyechora ukurasa ule akaupima kwa simu yake mwenyewe, akadhani vioo vyote vya dunia ni sawa na chake. Katika tiketi hasara ni nauli na siku moja iliyopotea. Lakini siku hizi simu imekuwa chombo cha kazi nzito zaidi. Hapa Zanzibar, chini ya mpango wa Jamii ni Afya unaoendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na shirika la D-tree, wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea huingia majumbani na simu mkononi, na maswali wanayowauliza akina mama huyasoma kwenye kioo. Mahali kama hapo, mstari mmoja uliofichika chini ya kioo waweza kuwa ndio mstari uliotakiwa kuonekana. Kwa hiyo yafaa tujifunze jambo hili kwa hesabu zake, hasa wale vijana wa vyuo vyetu wanaoanza kuandika programu.

Nukta si kipimo

Kioo cha simu kimefanywa kwa nukta ndogo sana za mwanga zilizopangwa kwa safu, ambazo mafundi huziita pikseli. Mtu akisema kioo ni cha nukta 720 kwa 1600, maana yake ni kwamba kuna nukta 720 kutoka ubavu hadi ubavu na 1600 kutoka juu hadi chini. Hajasema lolote juu ya ukubwa wa kioo chenyewe. Nukta hizo zaweza kubanwa katika kioo cha kiganja au kutandazwa katika kioo cha ukutani.

Wingi wa nukta katika inchi moja huitwa msongamano. Kuupata ni kazi ya hesabu ya shule: chukua nukta za upana, uzizidishe kwa zenyewe, fanya vivyo hivyo kwa nukta za urefu, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, kisha gawanya kwa inchi za kioo kuanzia pembe hadi pembe. Tuchukue simu tatu za aina zinazoonekana kila siku mitaani kwetu. Simu A ni ya zamani: inchi 5, nukta 480 kwa 854. Simu B ni ya bei nafuu ya siku hizi: inchi 6.6, nukta 720 kwa 1600. Simu C ni ya bei ya juu kidogo: inchi 6.5, nukta 1080 kwa 2400. Ukifanya hesabu utapata kwamba A ina nukta 196 kwa inchi, B ina 266, na C ina 405.

Sasa fundi mwenye simu B anachora kitufe cha kimo cha nukta 96. Katika simu yake kitufe hicho kina kimo cha milimita 9, kidole chakitosha barabara. Katika simu C kitufe hicho hicho kinakuwa cha milimita 6, na mwenye kidole kinene atagusa cha jirani. Katika simu A kinavimba hadi milimita 12. Upana ndio msiba zaidi. Kama fundi amekifanya kitufe kiwe cha nukta 720 ili kijaze kioo chake, katika simu A zipo nukta 480 tu. Theluthi moja ya kitufe, pamoja na maneno yaliyomo, imetupwa nje ya kioo.

Wazee wetu walilijua tatizo hili kabla ya umeme. Kitambaa kilipopimwa kwa mkono katika maduka ya Darajani, mnunuzi mwerevu alikuwa na haki ya kuuliza: mkono wa nani? Nukta ni mkono wa namna hiyo. Kila kiwanda kina wake.

Nukta sanifu

Tatizo hili halikuwapo mwanzoni, kwa sababu aina za vioo zilikuwa chache. iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na nukta 320 kwa 480, na simu ya kwanza ya Android, iliyotoka mwaka 2008, ilikuwa na idadi hiyo hiyo. Fundi alichora mara moja, akalala usingizi. Mwaka 2009 Android toleo la 1.6 lilifungua mlango kwa vioo vya ukubwa na msongamano mbalimbali, na mwaka 2010 iPhone 4 ikaja na nukta maradufu kila upande katika kioo cha ukubwa ule ule. Hapo ikawa hapana budi kutafuta kipimo kisichofungwa na kiwanda.

Kipimo chenyewe, kwa upande wa Android, huandikwa dp. Sisi tutakiita nukta sanifu. Nukta sanifu moja ni sawa na nukta moja halisi katika kioo chenye msongamano wa 160. Katika vioo vingine simu yenyewe hufanya hesabu: nukta halisi ni sawa na nukta sanifu mara msongamano, kugawanya kwa 160. Upande wa Apple hutumia kipimo cha namna hiyo hiyo wanachokiita pointi.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi huteleza. Simu haitumii msongamano ule tulioukokotoa kwa kipeo cha pili. Hutumia msongamano uliotangazwa na kiwanda, ambao kwa kawaida huchaguliwa katika ngazi maalumu: 120, 160, 240, 320, 480 na 640, ingawa zipo simu zinazoangukia kati ya ngazi hizo. Simu A yetu, yenye 196 halisi, hutangaza 240. Simu B yenye 266 hutangaza 320. Simu C yenye 405 hutangaza 480. Je, huu si udanganyifu? Tupime. Kitufe cha nukta sanifu 48, ambacho ndicho kiasi cha chini kinachopendekezwa kwa kitu cha kuguswa, katika A kinakuwa nukta halisi 72, yaani milimita 9.3. Katika B kinakuwa nukta 96, yaani milimita 9.2. Katika C kinakuwa nukta 144, yaani milimita 9.0. Simu tatu za bei tatu, na kidole kinapata nafasi ile ile. Kiwanda kimezungusha hesabu, lakini kimeizungusha kwa uwiano mmoja.

Tukizigeuza simu zote kwa kipimo hiki tunapata jambo la ajabu kidogo. Simu A ina upana wa nukta sanifu 320 na urefu wa 569. Simu B ina 360 kwa 800. Simu C nayo ina 360 kwa 800. Kumbe B na C, zilizotofautiana sana kwa nukta, mbele ya mchoraji ni simu moja. Tofauti ya kweli ni ile ya A, nayo haiko katika upana tu. A imepungukiwa na nukta sanifu 231 za urefu. Shida ya mzee wa Makunduchi ilikuwa humo.

Mstari wa nane

Tufanye kazi moja kwa ukamilifu. Tuseme tunachora ukurasa wa kubuni wa mhudumu wa afya anayemtembelea mama mjamzito huko Mkokotoni au Kizimkazi. Ukurasa una kichwa cha habari, kisha dalili nane za hatari, kila moja na kisanduku cha kutia alama: kutokwa na damu, degedege, maumivu makali ya kichwa yasiyopungua, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, homa kali, maumivu makali ya tumbo, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kila mstari tunaupa kimo cha nukta sanifu 56, na kichwa tunakipa 40. Jumla ni 488.

Kioo hakiwi chote mali yetu. Juu kuna ukanda wa saa na betri, 24. Chini yake kuna ukanda wa jina la programu, 56. Chini kabisa kuna ukanda wa vitufe vya simu, 48. Jumla 128 zimekwenda. Katika simu B zinabaki 672, na ukurasa wetu unaingia na nafasi inabaki. Mchoraji anafurahi. Katika simu A zinabaki 441. Toa 40 za kichwa, zinabaki 401, ambazo zatosha mistari saba na ziada ya nukta sanifu 9 tu.

Tazama ubaya wa hesabu hii. Mistari saba imeingia karibu kamili. Ziada ya 9 ni ukanda mwembamba mweupe usio na herufi hata moja ndani yake. Mhudumu anaona orodha iliyokamilika, safi, na hana sababu ya kushuku kwamba kuna mstari wa nane. Hatamwuliza mama kama mtoto anacheza. Hata kama ukurasa unaweza kusogezwa kwa kidole, hakuna kilichomwambia ausogeze.

Tiba ya kwanza ni ya lazima: ukurasa wowote wenye yaliyomo yanayoweza kuzidi kioo uruhusiwe kusogezwa. Hili halina mjadala, na bado programu nyingi hulikosa kwa sababu katika simu ya fundi kila kitu kiliingia. Tiba ya pili ni kwamba kitufe cha kuendelea kisikae mwisho wa orodha bali kibandikwe chini ya kioo daima, na orodha ipite nyuma yake. Tena kitufe hicho kisikubali kazi mpaka kila mstari umejibiwa ndiyo au hapana. Tiba ya tatu ni ndogo lakini ina akili: mstari wa mwisho unaoonekana ukatike nusu. Herufi zilizokatwa kati humwambia msomaji bila maneno kwamba chini kuna zaidi. Waweza kuongeza au kupunguza kimo cha mistari kidogo katika vioo vifupi ili mkato uangukie katikati ya maandishi.

Kibodi nayo ni mgeni anayesahauliwa. Mtu anapoanza kuandika, kibodi hupanda na kula sehemu kubwa ya kioo. Ikichukua nukta sanifu 240 katika simu A, kati ya zile 441 zinabaki 201. Visanduku vitatu vya kuandikia vya kimo cha 56 huchukua 168, na kitufe cha kuthibitisha kimekwisha kwenda chini ya kibodi. Ukurasa usioweza kusogezwa utamfungia mtu humo humo.

Maandishi na macho

Herufi hupimwa kwa kipimo cha jamaa, kinachoandikwa sp. Kinafanana na nukta sanifu, ila kinatii pia ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenye simu. Katika Android toleo la 14, la mwaka 2023, mtu anaweza kukuza maandishi hadi mara mbili. Baadhi ya mafundi huona jambo hili ni kero linaloharibu michoro yao, wakapima herufi kwa dp ili zisikue. Ni ukatili. Mtu aliyevuka miaka 45 hivi huanza kupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu, na si kila mtu ana miwani. Kukuza herufi ndiyo miwani yake.

Turudi kwenye ukurasa wetu. Katika simu A, upana ni 320. Toa pambizo za 16 kila upande na kisanduku cha alama cha 48, zinabaki 240. Herufi ya ukubwa wa 16 huchukua, kwa wastani, nusu ya ukubwa wake kwa upana, yaani 8. Kwa hiyo mstari mmoja wameza herufi 30. "Maumivu makali ya kichwa yasiyopungua" ni herufi 37 pamoja na nafasi, basi yatakwenda mistari miwili. Kila mstari wa maandishi ukichukua kimo cha 24, miwili ni 48, nayo yaingia katika 56. Sasa mhudumu mwenye umri mkubwa akuze maandishi kwa asilimia 30. Mistari miwili inafika 62. Kama tumesema kimo ni 56 kamili, tumbo la mstari wa chini litakatwa. Tungesema kimo kisipungue 56, mstari ungejinyosha wenyewe. Neno hilo moja, "kisipungue", ndilo linalotenganisha mpangilio unaoishi na uliokufa.

Wanaotafsiri programu kutoka Kiingereza waliangalie jambo hili zaidi ya wengine. Lugha yetu hukusanya maana nyingi katika neno moja, na neno hilo halikatiki kirahisi. Kitufe kilichoandikwa Kiingereza kwa herufi nne, kwetu chaweza kuhitaji "Inayofuata", herufi kumi. Mchoro uliopimwa kwa lugha fupi utaibana lugha ndefu mpaka itoe nukta tatu za kukatizwa mwishoni, na msomaji abakie akikisia.

Boriti na chumba

Mpaka hapa tumesema juu ya udogo. Upana nao una adabu yake, na somo lake limesimama mbele ya macho yetu. Ingia katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe utaona vyumba virefu na vyembamba. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa kwa masafa marefu. Kwa kawaida upana wa chumba hubaki chini ya mita tatu. Tajiri aliyetaka nyumba kubwa hakutanua chumba. Aliongeza chumba kando ya chumba, akavipanga kuzunguka ua.

Kioo kipana kifanyiwe hivyo hivyo. Boriti ya ukurasa ni mstari wa maandishi. Jicho husoma kwa raha mstari wa herufi 45 hadi 75. Katika kompyuta kibao yenye upana wa nukta sanifu 800, maandishi ya ukubwa wa 16 yaliyotandazwa ubavu hadi ubavu yatafika karibu herufi 100, na jicho likirudi kushoto litapotea njia. Usiutanue ukurasa. Ongeza chumba: upande mmoja orodha ya akina mama, upande wa pili taarifa za yule aliyechaguliwa. Kanuni inayotumiwa na wengi kwa Android ni kwamba upana ulio chini ya 600 ni mwembamba, 600 hadi chini ya 840 ni wa kati, na 840 kwenda juu ni mpana. Kipimwe kile kidirisha ambacho programu imepewa, siyo kifaa, kwa maana mtu aweza kugawa kioo chake kati ya programu mbili. Tena simu ikilazwa hudanganya: simu B iliyolazwa ina upana wa 800, kama kompyuta kibao, lakini urefu wake ni 360 tu, na kibodi ikipanda humo hakibaki kitu. Ndiyo maana urefu ulio chini ya 480 nao huhesabiwa kuwa mfupi, na hufaa upangiwe peke yake.

Picha zisitushughulishe sana. Alama ndogo ya nukta sanifu 24 huhitaji nukta halisi 36 katika simu A, 48 katika B na 72 katika C. Ukitoa moja tu, mahali pamoja itaonekana na ukungu na pengine itakula nafasi bure. Alama zinazochorwa kwa mistari ya hesabu badala ya nukta, ambazo Android imezikubali tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, humaliza udhia huo. Kwa mapambo ya kitufe kuna ufundi wa viraka tisa, ambao mwanamke yeyote wa Unguja ataufahamu upesi akiukumbuka mpangilio wa kanga: pembe hazibadiliki, pindo hunyoshwa kwa urefu wake tu, na mji wa katikati ndio unaokubali kutanuka pande zote.

Zoezi

Msomaji achukue kompyuta kibao ya inchi 8 yenye nukta 800 kwa 1280, iliyotangaza msongamano wa 213. Ikisimamishwa, upana wake ni nukta sanifu ngapi? Atapata 601. Kwa kanuni tuliyoitaja imevuka 600, kwa hiyo yuko atakayekimbilia kuigawa vyumba viwili. Lakini agawe kwanza kwa mbili, kisha alinganishe kila chumba na upana wa simu A. Baada ya hapo ailaze, apime tena, na ahesabu ni mistari mingapi kati ya ile minane itakayoonekana katika chumba cha kulia, maandishi yakiwa yamekuzwa kwa asilimia 30 na kibodi ikiwa imeshuka.